Hayupo, Amepata Tisa

Katika shule ya kijiji cha Dealu Frasin, mwanafunzi aliyekosa kipindi aliwekewa nukta ya penseli kwenye rejista, mbele ya jina lake. Nukta tu, ndogo kama alama aliyoiacha nzi ukutani. Ijumaa mchana, masomo yakiisha, mwalimu wa darasa alikaa na mwalimu mkuu, Bwana Costache, wakanywa kahawa na kuzipitia nukta moja moja. Mtoto aliyekwenda kuvuna zabibu za kwao, nukta yake ilifutwa kwa raba. Mtoto aliyeonekana nyuma ya duka akivuta sigara, nukta yake iligeuzwa tarehe kwa wino wa bluu, na tarehe ya wino haifutiki. Mtoto wa diwani hakuwa na tarehe hata moja tangu aanze darasa la tano. Wakaguzi walikuja wakaondoka, na hakuna aliyeona kitu.

Ruxandra Pintea alipofika mwezi wa Septemba kufundisha jiografia, akiwa ametoka chuo kikuu moja kwa moja, alipewa darasa la nane awe mwalimu wake wa darasa. Jambo la kwanza alilolikataa ni penseli.

"Rejista ni hati ya serikali," aliwaambia wenzake katika chumba cha walimu. "Tukiandika yanayotupendeza, watoto watajifunza nini kwetu?"

"Watajifunza kutumia penseli," alijibu Mwalimu Zaharia wa hisabati, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Lakini walimkubalia. Alikuwa mgeni, alikuwa na miaka ishirini na minne, na hakuna mwingine aliyelitaka darasa la nane. Tangu siku hiyo, katika rejista ya darasa lake, asiyekuwepo aliandikwa tarehe kwa wino hapo hapo jina lake lilipoitwa bila kuitikiwa.

Hakufanya hivyo kwa ukali. Aliamini kwamba mtoto akiandikwa kwa haki, ataonekana. Mtoto anayekosa kila Jumatatu, kitabu kitasema kwamba anakosa kila Jumatatu, na lazima mtu mzima mmoja atauliza kwa nini. Aliliamini jambo hilo kwa moyo wote, na kila Jumatatu aliandika. Kuuliza ndiko alikochelewa.

Mwezi wa Mei, miti ya akasia ikiwa imechanua maua meupe kando ya barabara, ulifika wakati wa kufunga alama za darasa la nane. Karani wa shule, mama Aglaia, alimkuta Ruxandra kwenye meza ndefu, rejista iko wazi mbele yake.

"Mwanangu, fomu ya Olimpia nimeshaiandaa. Ile ya shule ya ualimu mjini. Imebaki alama ya mwenendo tu. Niambie niandike kumi, nifunge bahasha."

"Si kumi, mama Aglaia."

"Haya, tisa. Tisa nayo si mbaya."

"Ni saba."

Mama Aglaia alivua miwani. "Olimpia Rusu? Yule asiyeweza kumfukuza hata kuku?"

"Ana vipindi thelathini na vinne alivyokosa bila ruhusa. Kila vipindi kumi vinapunguza alama moja. Nimehesabu mara tatu."

"Na mjini hawamwangalii mtu aliye chini ya nane."

"Najua."

"Yule mtoto anataka kuwa mwalimu tangu akiwa hajui kufunga kamba za viatu. Alikuwa anapanga magunzi ya mahindi kwenye benchi la bibi yake, anayaita majina, anayafundisha. Muulize mtu yeyote."

"Najua, mama Aglaia," Ruxandra alirudia. Sauti yake ilikuwa imepungua.

Aliyajua mengine pia. Mama yake Olimpia alikuwa Italia akimtunza mzee mmoja aliyepooza, na alikuwa ameondoka haraka bila kupita ofisi ya kijiji kuandikisha nani anabaki na mtoto. Kwa hiyo bibi yake, Safta, kwa mujibu wa sheria hakuwa mlezi wa mtu. Mwezi wa Oktoba bibi huyo alikuja shuleni na karatasi ya kuomba ruhusa, imeandikwa kwa mkono unaotetemeka, pamoja na jibini limefungwa kwenye kitambaa. Ruxandra alivirudisha vyote viwili, karatasi kwa sababu haikuwa na sahihi ya mzazi, jibini kwa sababu lilikuwa jibini. Jioni ile alijiona amefanya vizuri.

Bwana Costache alisikia habari kabla ya kengele iliyofuata. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyeongoza shule kwa kuepusha kelele.

"Kaa, binti yangu," alisema, akamsogezea kiti. "Alama zinafungwa Ijumaa. Mkaguzi wako anakuja Jumatano ijayo. Ni ile ripoti itakayoamua kama unathibitishwa kazini, sivyo?"

"Ndiyo, Bwana Mkuu."

"Sasa sikiliza. Ajali zinatokea. Mwalimu anakunywa kahawa, kikombe kinapinduka, rejista inalowa. Mimi naandika barua, tunapewa rejista mpya, tunakaa sote tunanakili. Katika kunakili, binadamu ni binadamu. Tarehe tano sita zinaweza kusahaulika."

"Hiyo ni kughushi."

"Hiyo ni kahawa."

"Bwana Mkuu, siwezi."

"Basi mtoto atakaa kwa bibi yake akikamua ng'ombe, na rejista yako itakuwa safi kabisa." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma ratiba ya basi. "Una mpaka Ijumaa. Kahawa ninayo ya kutosha."

Ruxandra aliondoka na rejista kwapani, jambo lisiloruhusiwa, akaketi peke yake katika darasa tupu. Kwa nusu saa hivi alimfikiria Olimpia na kikombe cha kahawa kwa zamu, na aliona aibu kugundua kwamba kikombe hakikumtisha tena kama mwanzo. Angeweza. Mkono tu, kiwiko tu. Alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba watu wengi wema wamefanya mabaya zaidi ya hayo kwa sababu ndogo zaidi.

Akaufungua ukurasa wa Olimpia ili ahesabu kwa mara ya nne. Tarehe zote thelathini na nne zilikuwa katika safu ya jiografia. Safu yake mwenyewe. Jiografia ilikuwa kipindi cha kwanza, Jumatatu na Alhamisi. Katika masomo mengine yote mtoto hakuwa na tarehe hata moja. Hisabati kwa Zaharia, ambako hata watakatifu wangetoroka, hakukosa kamwe. Ruxandra aliliangalia jambo hilo kana kwamba limeandikwa na mtu mwingine.

Kisha macho yake yakahamia upande wa alama. Jiografia: nane, tisa, tisa, kumi. Kila alama na siku yake. Tisa ya kwanza ilikuwa ya tarehe saba Novemba. Na upande wa pili, kwa mwandiko ule ule, kwa kalamu ile ile, tarehe saba Novemba: hayupo.

Hayupo, na amepata tisa.

Alikumbuka. Siku ile alikuwa akiwauliza maswali ubaoni kuhusu mito, na katikati ya kipindi mlango ulifunguka, Olimpia akaingia na matope mpaka magotini, akaomba radhi, akaitwa ubaoni kabla hajakaa, akautaja mto Prut na vijito vyake bila kusita. Ruxandra alimpa tisa kwa furaha. Tarehe ya kutokuwepo ilikuwa imeshaandikwa asubuhi jina lilipoitwa. Ilikuwa wino. Haikupita hata akilini mwake kuigusa.

Kanuni ilikuwa wazi, na yeye aliijua kwa moyo: aliyeingia baada ya kuitwa majina huandikwa amechelewa, wala hahesabiwi kuwa hakuwepo. Walimu wa penseli hawakuhitaji kuikumbuka kanuni hiyo. Mtoto akiingia, waliifuta nukta. Penseli yao ilidanganya kwa ajili ya mtoto wa diwani, hilo ni kweli, lakini ilimwachia kila mtoto nafasi ya kufika. Wino wake haukumwachia.

Kesho yake alimwita Olimpia kwenye korido, karibu na dirisha. Msichana alikuwa mrefu kuliko yeye, mikono mikubwa myekundu, na alisimama kama mtu anayengoja sindano.

"Olimpia, Jumatatu na Alhamisi asubuhi unakuwa wapi?"

"Kwenye gari la maziwa, mwalimu. Linapita siku hizo mbili tu. Bibi nyonga hazimruhusu kubeba, kwa hiyo nakamua, napeleka ndoo barabarani, nangoja. Dereva akiwahi, nami nawahi. Akianza kupiga soga kule bondeni, ndiyo hivyo tena."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mwalimu."

Alilisema bila lawama, kama anayejibu swali la mji mkuu wa nchi fulani. Ruxandra ilibidi aangalie nje kidogo.

"Ulikuwa unaingia katikati ya kipindi. Nakumbuka. Mara ngapi uliingia, na mara ngapi hukuja kabisa?"

"Kabla ya Krismasi nilikuwa naingia karibu kila mara. Baadaye nikaona, aah, nimeshaandikwa. Ukishaandikwa umeandikwa. Kuingia kwa nini, watu wakucheke matope? Nikawa nakaa kule chini kwenye stoo ya kuni mpaka kengele igonge."

"Kwenye kuni?"

"Kuna joto, mwalimu. Boila ya kupasha shule joto iko ukuta wa pili. Nilikuwa nasoma kitabu chako cha ramani, kile ulichoniazima."

Siku ya Alhamisi, kipindi cha kwanza, Ruxandra aliiweka rejista wazi juu ya meza na kuliambia darasa lote ukweli. Aliwaambia kwamba alikuwa amewaandika watu hawapo ilhali wamechelewa tu, kwamba kosa ni lake, na kwamba anataka kulisahihisha kwa tarehe ambazo wataweza kuzithibitisha, si vinginevyo. Akaanza na Olimpia, kwa kuwa fomu yake ndiyo iliyokuwa ikingoja.

"Alikuwepo siku zote, mwalimu!" alipaza sauti Gelu Cotoi kutoka nyuma. "Hata Jumapili alikuwepo! Hata Krismasi, alikuja akafagia!"

"Gelu, kaa."

"Nasema kweli, nilimwona na macho yangu yote mawili na la tatu la akiba."

"Gelu."

"Nimekaa."

Walicheka, kisha wakatulia, kwa sababu walimwona mwalimu hacheki. Akasoma tarehe ya kwanza, ya mwishoni mwa Septemba.

"Hiyo ndiyo siku nyuki aliingia dirishani," alisema msichana mmoja wa mbele. "Olimpia ndiye aliyemtoa, kwa kofia yake. Wewe mwalimu ulipanda juu ya kiti."

"Sikupanda juu ya kiti."

"Ulipanda, mwalimu," darasa lote lilisema kwa pamoja.

"Basi nilipanda. Nani mwingine anakumbuka?"

Mikono ikanyanyuka. Kwa tarehe nyingine walifungua madaftari yao. Daftari la Olimpia liliwekwa mezani, na Ruxandra akaligeuza kurasa polepole. Somo la tarehe kumi na nne Oktoba lilianzia katikati, bila kichwa cha habari, sentensi ya kwanza haina mwanzo: *na kwa hiyo udongo wa nyanda za juu huwa mweusi*. Somo la Alhamisi iliyofuata lilikuwa hivyo hivyo. Kulikuwa na masomo kadhaa yasiyo na kichwa, yamekatika juu kama mkate uliokwishamegwa, na kila moja lilikuwa na tarehe ambayo kitabu kikubwa kilisema mtoto hakuwepo.

Walipofika Januari, Gelu alinyanyuka tena. "Tarehe ishirini na tatu alikuwepo. Theluji ile. Aliingia, akakaa karibu nami, akaniomba raba."

"Sikuja," alisema Olimpia.

"Ulikuja, bwana."

"Sikuja, Gelu. Nilikuwa chini kwenye kuni. Usidanganye."

"Mtu anakusaidia, wewe unajikaba shingo mwenyewe!"

"Kama sikuja, sikuja."

Ruxandra alipita tarehe hiyo bila kuigusa, akasoma inayofuata, na Olimpia akatikisa kichwa tena, na tena. Ilikuwa vigumu kwa mwalimu kuendelea kusoma. Kila tarehe aliyoisoma alitamani mtoto adanganye, na kila alipokataa, mwalimu alihisi kitu alichokuwa amekitafuta tangu Septemba bila kukijua jina. Kengele ilipolia, zilikuwa zimethibitishwa tarehe kumi na moja. Zilibaki ishirini na tatu. Alama mbili chini ya kumi. Nane.

Bwana Costache alipoiona orodha alijishika paji la uso.

"Kumi na moja! Kila moja mstari mwekundu, neno jekundu, sahihi yangu na mhuri. Ukurasa utaonekana kama mtoto mwenye surua. Unajua mkaguzi hufungua nini kwanza? Hafungui alama. Hutafuta wekundu."

"Najua."

"Katika miaka yangu yote hapa nimetia sahihi masahihisho matatu. Matatu! Na moja lilikuwa la Zaharia, aliandika alama ya mtoto mmoja kwa jina la kaka yake, ambaye alishamaliza shule."

"Alikuwa anafanana naye!" Mwalimu Zaharia alisema kutoka kwenye kona, bila kuinua macho kwenye gazeti.

"Ripoti yako itashuka, binti yangu. Wataandika kwamba hujui kutunza hati. Huenda wasikuthibitishe mwaka huu. Ukae mwaka mwingine bila uhakika wa kazi, kwa sababu ya gari la maziwa?"

"Wakiandika hivyo, watakuwa wameandika kweli. Sikujua kuitunza."

"Na kahawa? Kahawa haiachi ripoti."

"Bwana Mkuu, mtoto mwenyewe alikataa tarehe ambazo rafiki yake alikuwa tayari kumwapia. Alikataa mbele ya darasa zima, anajua kinachomngoja. Mimi nitaimwagaje hiyo kahawa?"

Bwana Costache alifungua mtoto wa meza, akatoa kalamu nyekundu, akaijaribu kwenye pembe ya gazeti la Zaharia. Zaharia akalalamika. Walifanya kazi pamoja, Ruxandra akipitisha mstari juu ya tarehe na kuandika *amechelewa*, mwalimu mkuu akitia sahihi, mama Aglaia akipiga mhuri na kuupulizia. Mwisho wa safu, kwenye kisanduku cha mwenendo, Ruxandra aliandika nane kwa tarakimu na kwa maneno. Mama Aglaia aliinakili kwenye fomu, akaifunga bahasha, akaipeleka posta yeye mwenyewe kwa miguu, akisema hamwamini mtu mwingine kwa jambo hilo.

Olimpia alikuwa akingoja uani, karibu na bomba la maji.

"Ni nane," Ruxandra alimwambia. "Fomu imekwenda. Yaliyobaki ni mtihani, na huo ni wako."

Msichana alivuta pumzi ndefu, akaziba mdomo kwa kiganja, kisha akakishusha. "Asante, mwalimu. Bibi atalia. Halafu atakuletea jibini, naomba ulipokee safari hii, maana mara ile ilimuuma."

"Fomu imeshakwenda. Nitalipokea."

Lakini Olimpia hakuondoka. Alikuwa akizungusha kifungo cha sweta lake.

"Na Gelu?"

"Gelu kafanya nini tena?"

"Hajafanya kitu. Gelu ndiye aliyekuwa ananisaidia ndoo ya pili. Mbili siziwezi, zinamwagika. Siku nilizochelewa, alichelewa pamoja nami. Nikiingia mimi kwanza, yeye anangoja kidogo halafu anaingia, ili wasituchokoze. Yeye ana sita kwenye mwenendo, mwalimu. Nilichungulia."

Ruxandra alikumbuka darasa la asubuhi, na yule mvulana aliyesimama mara nne kuapa kwa ajili ya mwenzake. Hakuna hata mara moja aliyosema: na mimi.

"Hakuniambia."

"Yeye anasema haendi shule yoyote inayotaka nane, anakwenda kujifunza uchomeleaji, huko hata mwenye nne wanampokea. Anasema haina maana." Olimpia aliangalia viatu vyake. "Lakini alikuwepo."

Ruxandra alirudi ndani akitembea haraka, kisha akikimbia. Bwana Costache alikuwa ameshavaa kofia, ufunguo uko kwenye mlango wa kabati.

"Bwana Mkuu, usiufungie mhuri."

"Yesu na Maria. Nani tena?"

"Gelu Cotoi."

"Gelu! Gelu ana tarehe kama mbwa ana viroboto. Ngapi kati ya hizo?"

"Sijui. Na sijui kama ni yeye tu. Niliwaandika wote kwa namna ile ile."

Mwalimu mkuu aliangalia saa ya ukutani, akamwangalia Zaharia, ambaye alikuwa amelikunja gazeti na sasa anasogeza vikombe pembeni ili meza ipate nafasi.

"Nami nina vipindi viwili mwezi wa Machi," Zaharia alisema, akikwepa macho yao. "Wale mapacha wa darasa lako. Niliwaandika, halafu wakaingia. Nilitumia ile kalamu yako, Ruxandra. Niliona uvivu kuja kukuambia."

Bwana Costache alivua kofia, akaiweka juu ya kabati. Ruxandra aliifungua rejista, si kwenye ukurasa wa Gelu, bali mwanzoni, akavuta kiti, na akaanza na jina la kwanza.